Mama akivuka mpaka, nani anabaki na mtoto?

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, lakini katika mikutano hatulifikii, kwa sababu tukikutana tunaanza na bei ya unga na saa zinakwisha. Ni hili: asubuhi mama anapofunga kikwembe, anachukua mfuko wake na kwenda upande wa Zambia kutafuta unga, mafuta, sabuni au mayai ya kuuza, mtoto mdogo anabaki na nani?

Hapa Kasumbalesa swali hili si la nyumba moja. Mji wetu umeota kando ya mpaka na unaishi kwa mpaka. Lubumbashi iko nyuma yetu kilomita 90 hivi, Chililabombwe iko mbele, na katikati malori ya shaba yanasimama mstari ambao siku nyingine mwisho wake hauonekani. Baba akiwa dereva, mpakizi wa mizigo au mbadilishaji wa feza, yuko barabarani. Mama naye yuko barabarani. Lupango linabaki na watoto.

Sisi walimu tunaona jibu la swali hili darasani, tunapoita majina. Msichana wa darasa la tatu yuko Jumatatu, hayuko Jumanne, yuko Jumatano, Alhamisi hayuko tena. Hana homa. Ukimtuma mwenzake wa jirani aulize, jibu linarudi lilelile: «Anabaki na mtoto.» Mara nyingine anakuja na mtoto mgongoni, anasimama mlangoni, anatazama ubao kutoka pale, na mtoto akilia anaondoka mbio kabla hatujamwambia kitu. Mvulana wa umri wake hatumwoni mlangoni namna hiyo. Kaka anakosa masomo kwa sababu zingine, lakini si kwa kubaki na mtoto.

Hatusemi kwamba yaya asimsaidie mama yake. Wengi wetu tulibebwa na yaya zetu, na tunawaheshimu mpaka leo kwa sababu hiyo. Kumbeba mdogo jioni wakati mama anasonga bukari, hayo ni malezi. Lakini kubaki naye peke yake toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi ya jioni, pamoja na mbabula yenye moto, bidoni za maji na mlango wa lupango usiofungika, hiyo ni kazi ya mtu mzima iliyowekwa juu ya mabega ya mtoto wa miaka 9. Mtoto wa miaka 2 anatembea haraka kuliko tunavyodhani. Na barabara iko pale nje, na dereva wa lori refu, akiwa juu kabisa kwenye kiti chake, hamwoni mtoto aliye karibu na gurudumu.

Turudi kwenye ubao. Darasa la kwanza na la pili ndipo mtoto anaunganisha sauti za herufi. Jumanne tumefundisha sauti ya m, Jumatano tunasoma «mama», «maji», «mama analeta maji». Asiyekuwepo Jumanne anakaa Jumatano akitazama midomo ya wenzake. Anarudia wanachosema, kwa hiyo mama akipita dirishani anasikia mtoto wake anasoma. Hasomi, anaimba. Akifika darasa la nne kitabu kinakuwa kizito, anaanza kusema kwamba shule haimpendi. Kuna akina mama wanaotuuliza: «Mwalimu, siku mbili kwa juma zinaharibu nini?» Zinaharibu hicho.

Mtatuambia: mwalimu amfundishe pembeni. Ni haki kuuliza. Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa bila malipo, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeliandika katika kifungu cha 43. Watoto wengi waliokuwa wamekaa nyumbani wakaja, na tulifurahi kuwaona. Lakini madawati hayakuongezeka kwa mwendo uleule. Katika darasa lililojaa namna hiyo, mwalimu hawezi kurudi nyuma kila Jumatano kwa ajili ya mmoja.

Na tuseme jambo lingine ambalo halisemwi. Bure hiyo ni ya shule ya msingi. Shule ya watoto wadogo, wa miaka 3 mpaka 5, haimo. Kumweka mdogo huko kunataka feza kila mwezi, na kumweka mkubwa darasani hakutaki. Hivyo mama anapopiga hesabu asubuhi, masomo ya mkubwa yanaonekana kama hayana bei, na ndiyo yanayokatwa kwanza. Tunaielewa hesabu hiyo. Hatuikubali, lakini tunaielewa.

Sheria ya kazi ya nchi yetu inampa mama mwenye mkataba majuma 14 ya mapumziko ya uzazi, na baadaye nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha, inayolipwa kama kazi. Mama anayeuza mayai kati ya malori hana wa kumwomba nusu saa hiyo. Hakuna anayemwandikia likizo. Kwa hiyo lazima tutafute kati yetu.

Wengine wanaenda na mtoto mgongoni. Kwa mtoto ambaye hajafika miezi 6, mara nyingi hilo ndilo jibu zuri kuliko mengine, kwa sababu chakula chake chote ni ziwa la mama, na ziwa linakwenda pale mama anapokwenda. Mama amfunike kichwa juu ya jua na vumbi, amnyonyeshe kila anapotaka bila kungoja mzigo upite, na karatasi ya chanjo ikae ndani ya mfuko. Lakini mtoto aliyeanza kutambaa au kutembea, mahali pa malori na pa watu wanaosukumana si mahali pake.

Wengine wanamwachia kambo. Mwenye kambo karibu ashukuru. Lakini tukumbuke kwamba kambo naye anachoka, na kukimbiza watoto watatu wa miaka 2 si kupumzika kwa uzee. Kama ni kambo anayebaki, basi maji yachotwe kabla mama hajaondoka, na uji uwe umepikwa.

Na akina baba? Dereva anayengoja zamu yake siku tatu, au mume ambaye leo hajapata mzigo, yuko nyumbani, mara nyingine amelala. Tumewaona wanaume wachache wanaobeba mtoto hadharani, mchana, bila kuona haya, na jirani wakicheka wanawaacha wacheke. Tungependa tuwaone wengi zaidi. Hili tunaliandika hapa ili gazeti likiachwa mezani, lisomwe.

Sasa tufike kwenye kile ambacho baadhi ya vikundi vyetu vimeanza kufanya, na ambacho ndicho kilichotufanya tuchukue kalamu. Wote tunajua likelemba: kila mmoja anatoa feza, mmoja anapokea, juma lijalo mwingine. Kuna akina mama wa mtaa mmoja waliosema, kama tunaweza kuzungusha feza, kwa nini tusizungushe siku? Wako watano. Kila mmoja ana siku yake ya kubaki, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Siku ya zamu yake havuki. Watoto wadogo wa wenzake wanaletwa kwake asubuhi, na yaya zao wanakwenda masomo. Wanne wanaovuka wanamletea kila mmoja kikombe cha unga na franka kidogo, ili naye asilale bila kitu. Kwa hesabu, mama anapoteza siku moja ya biashara na anapata nne ambazo moyo wake umetulia. Na yaya anapata siku tano za shule.

Haikuanza bila ugomvi. Mtoto mmoja alitapika, na mama yake akauliza alipewa nini. Tangu hapo walikubaliana kwamba chakula cha mchana kinajulikana asubuhi, na hakuna anayempa mtoto wa mwingine dawa, hata kidonge cha homa, bila kumpigia mama yake simu. Mwingine alikuwa anachelewa kila mara, anafika giza likiwa limeingia, akisema ni duane. Siku nyingine ilikuwa kweli. Wakaamua kwamba kila mama ataje mtu wa pili atakayemchukua mtoto saa kumi na moja ikifika, awe kambo, shangazi au baba mwenyewe. Jambo hilo lina maana kuliko linavyoonekana. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara juu ya bia na vinywaji vitamu. Mama anaweza kuondoka asubuhi akitegemea kurudi mchana, na wakubwa wakaamua mengine bila kumuuliza.

Hawapokei watoto zaidi ya wanane, na hapo tunawapongeza, kwani watu walianza kuomba. Mbabula inazimwa watoto wakishafika, au inawekwa nyuma ya ukuta. Maji ya bidoni yanafunikwa. Mlango wa lupango unafungwa kwa kamba upande wa juu, ambako mkono wa mtoto haufiki.

Kwa mama anayenyonyesha na ambaye lazima aende, maziwa yanaweza kukamuliwa kwa mkono, mikono ikiwa imenawiwa kwa sabuni, na kuwekwa ndani ya kikombe safi chenye mfuniko. Mahali pa kivuli na pa baridi yanakaa muda wa saa 4. Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, tusiyangoje muda huo. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, polepole. Chupa ya plastiki ni ngumu kusafisha, hasa pale maji yanaponunuliwa kwa bidoni.

Akishafika miezi 6 anaanza kula, na ziwa linaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Uji wa unga mtupu unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Tuongeze karanga zilizosagwa, au kapenta iliyokaushwa na kupondwa mpaka iwe unga, au yai, na mafuta kidogo. Kwa miezi 6 mpaka 8 mara mbili au tatu kwa siku, baada ya hapo mara tatu au nne. Tunajua tunachokiomba. Katika ukame wa 2024 upande wa Zambia, unga ulipopanda, kulikuwa na nyumba zilizopika mara moja tu. Lakini hata wakati ule kijiko cha karanga ndani ya uji wa mtoto kilikuwa rahisi kuliko safari ya kituo cha afya.

Juu ya kuhara, mama wa zamu lazima ajue jambo moja kwa kichwa. Lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tusizidishe chumvi. Mtoto apewe kidogo kidogo kila mara, na ziwa lisikatwe. Akianza kuhara maji matupu kama ya mchele, au akiwa na macho yaliyozama, au akilala bila kuamka vizuri, hapo tusingoje mama arudi kutoka mpakani. Apelekwe mara moja. Kipindupindu kilichosumbua Zambia kuanzia mwisho wa 2023, mpaka shule za kule zikachelewa kufungua Januari 2024, hakikuuliza pasipoti.

Neno moja la kufurahisha, kwa kuwa tumesema magumu mengi. Watoto wetu wa hapa ni wa ajabu. Mtoto wa miaka 5 anaingia darasa la kwanza mwaka unaofuata akijua Kiswahili cha nyumbani, Kibemba cha sokoni na Kilingala cha askari, na anaweza kukuambia kwacha kumi ni franka ngapi leo asubuhi. Kalamu hajawahi kuishika. Mama wa zamu anaweza kutumia akili hiyo: avikusanye vifuniko vya chupa, watoto wahesabu, wapange vyekundu na vya kijani, wacheze duka. Awaachie fimbo wachore mchangani. Hakuna feza inayotakiwa. Akija kwetu ameshazoea kukaa, kungoja zamu na kuhesabu mpaka 20, kazi yetu ya miezi miwili imeshafanyika chini ya mwembe.

Kikundi kinachotaka kujaribu kianze na watu wachache wanaojuana vizuri, wanaokaa malupango ya karibu, na wakubaliane juu ya chakula, dawa na saa ya kurudi kabla ya siku ya kwanza. Mama ambaye binti yake anakosa kwa sababu ya mtoto, atuambie. Hatutamkemea. Tukijua siku zake tunaweza kupanga sauti mpya zifundishwe siku ambazo yuko.

Wale akina mama watano tuliowataja bado wana shida moja. Jumamosi ni siku ambayo biashara inatembea kuliko zote, na kila mmoja anataka kuvuka. Wamezungumza mara mbili. Mume wa mmoja wao amesema labda yeye, akiwa hana safari. Wenzake hawajajibu bado.