Salalah kwa gari na watoto wadogo: Igawe njia, usiikimbilie

Skuli zimefungwa, Maskati jua linachoma tangu saa mbili asubuhi, na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia swali ni lile lile la kila mwaka: Salalah mnakwenda lini? Msimu wa kharif huhesabiwa kuanzia tarehe 21 Juni mpaka 21 Septemba. Wakati ambapo sehemu kubwa ya Ghuba iko kwenye nyuzi 40 na zaidi, Salalah iko kwenye ishirini na kitu, ina ukungu, manyunyu na milima ya kijani kama ya Pemba.

Kwa ndege ni safari ya kama saa moja na nusu tu. Lakini familia yenye watoto wanne na bibi mmoja ikipiga hesabu ya tiketi, na ikikumbuka kwamba huko nako itahitaji gari ya kuzungukia, mara nyingi huamua kwenda na gari yake. Uamuzi mzuri. Tatizo huanza pale baba anapotangaza: "Tunatoka alfajiri, jioni tuko Salalah."

Kutoka Maskati mpaka Salalah kwa njia ya bara ni kama kilomita 1,000. Dereva aliye peke yake anaweza kuzimaliza kwa saa kumi hivi. Mtoto wa miaka miwili, lakini, hahesabu kilomita. Yeye anahesabu muda aliofungwa mkanda. Ikifika saa ya sita analia, mama kageuka nyuma kumtuliza, mkubwa anataka choo, na dereva, aliyeamka tangu usiku, anaongeza mwendo ili mradi wafike. Barabarani hakuna saa ya hatari kama hiyo. Zile sifa za barazani, "sisi mwaka jana tulifika kwa saa tisa", hazina tuzo.

Kwa hiyo shauri kubwa la makala hii ni moja: ukiwa na watoto wadogo, igawe njia kwa siku mbili. Mengine yote yanafuata hapo.

Haima ni nusu ya njia

Barabara ya bara inapita Nizwa, Adam, Haima na Thumrait. Haima iko takriban katikati, kama kilomita 540 kutoka Maskati, na ina hoteli ndogo za wasafiri. Si za anasa, lakini zina kitanda, kiyoyozi na maji. Wekeni nafasi mapema, kwani si nyingi na msimu wa kharif hujaa.

Siku ya kwanza, swalini Alfajiri nyumbani, muingie garini kama saa kumi na moja. Watoto wabebeni na nguo zao za kulalia, watamalizia usingizi njiani. Saa moja mpo Nizwa: hapo ni kifungua kinywa, kunawa na kubadilisha nguo. Wakubwa kidogo waonyesheni ngome, hata kwa nje tu, muwaambie kwamba aliyeijenga, Imam Sultan bin Saif, ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwanawe Saif bin Sultan ndiye ambaye majeshi yake yaliwatoa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698. Mtoto aliyewahi kuiona ngome ya Mombasa kwenye picha za babu atazifunga nyuzi mbili hizo mwenyewe.

Baada ya Adam jangwa linaanza kweli. Simameni mara moja kabla ya Haima, na kufika saa saba mchana inawezekana bila haraka. Mchana ule mkali, badala ya kuupambana nao barabarani, mnaulala. Jioni watoto wanakimbia, wazee wananyoosha miguu, na dereva analala mapema.

Siku ya pili tokeni tena alfajiri. Mtafika Thumrait kabla ya mchana, na mtashuka mlima kuingia Salalah kukiwa na mwangaza. Hili la mwangaza lina sababu yake, nitalieleza.

Mwenye mtoto mchanga anaweza kuigawa mara tatu: alale Nizwa, alale Haima, kisha Salalah. Na si aibu kabisa mama na wadogo wakapanda ndege, baba na wakubwa wakaileta gari.

Wanaotoka Dubai na Abu Dhabi kwa kawaida huvuka mpaka upande wa Al Ain, wakapitia Ibri, kisha wakaiunga barabara hii hii. Kwao njia ni ndefu zaidi, na mpakani kuna foleni. Hakikisheni kila mtoto ana pasi yake ambayo haijakaribia kwisha, na bima ya gari iwe inakubalika Oman.

Kila mwenye roho na mkanda wake

Bibi atasema, "Nipeni mjukuu wangu nimpakate." Ni mapenzi, na kumkatalia bibi kunataka adabu. Lakini gari ikipiga breki kwenye mwendo wa 120, mikono ya mtu, hata awe na nguvu vipi, haimshiki mtoto. Mtoto mdogo ni wa kiti chake, nyuma, na mchanga kiti chake kielekee nyuma ya gari. Mwelezeni bibi kabla ya siku ya safari, si mlangoni pa gari mbele ya watoto. Mkalisheni ubavuni mwa kiti hicho, amshike mkono, amlishe tende, amsimulie.

Mtoto mchanga asikae kitini zaidi ya saa mbili mfululizo. Ndiyo kipimo cha kusimama kwa gari nzima: kila saa mbili, hata kama hakuna aliyelia. Ukisubiri walie, umeshachelewa. Swala za msafiri zinasaidia kupanga vituo hivyo, kwani adhuhuri na alasiri mnazikusanya mahali pamoja, penye msikiti, choo na kivuli.

Na kamwe asiachwe mtoto ndani ya gari iliyozimwa, hata dakika tano za kulipia petroli. Katika joto la Julai ndani ya gari panapanda nyuzi kama kumi kwa dakika kumi.

Gari yenyewe

Wiki moja kabla, si jana yake, ipelekeni gereji: matairi pamoja na la akiba, breki, betri, maji ya rejeta, kiyoyozi. Tairi lililozeeka hupasuka kwenye lami ya moto, na huko jangwani mtakaa juani na watoto mpaka msaada ufike.

Jazeni petroli kila inapofika nusu tangi. Vituo vipo, Ghaba, Haima, Ghaftain, Qitbit na Thumrait, lakini kati ya kimoja na kingine ni mbali. Bebeni maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani mnahitaji, na galoni moja ya ziada isiyoguswa. Simu mahali pengine haishiki, basi ramani ipakueni kabla. Namba ya dharura ya polisi Oman ni 9999. Waandikieni hata watoto wanaojua kusoma.

Sehemu za barabara hii ni pana, zenye kizuizi katikati, na sehemu nyingine magari yanakutana uso kwa uso, malori na mabasi yamo. Huko ndiko kwenye kishawishi cha kuovateki. Kaeni nyuma ya lori, mtachelewa dakika kumi. Tena kuna ngamia. Mchana unamwona kwa mbali. Usiku humwoni mpaka taa zimpige, na hapo umeshamfikia. Usiku jangwani msiendeshe.

Chakula na midomo

Sambusa na kachori ni tamu, lakini mafuta na joto na gari inayokwenda huleta matapishi. Kwa njiani bora ndizi, tende, mayai ya kuchemsha, matango, mkate mkavu, na maandazi yasiyo na mafuta mengi. Urojo uacheni nyumbani. Chai ya maziwa ya bibi iende kwenye chupa yake, na maji ya moto ya kukorogea maziwa ya mtoto kwenye chupa nyingine. Maziwa ya unga yakorogwe pale anapotaka kunywa, yasikae yamekorogwa kwenye joto.

Mkoba mmoja uwe karibu na mkono wa mama, usifukiwe chini ya masanduku: pampasi, tishu, mifuko ya plastiki ya matapishi, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, dawa ya homa, na paketi za dawa ya kurudisha maji mwilini. Na sweta. Ndiyo, sweta, Julai.

Saa kumi za Kiswahili

Tableti itasaidia saa moja, mbili. Ikizidi hapo watoto wanachoka macho na wanakuwa wakali. Lakini safari hii ina kitu ambacho nyumbani hakipatikani: watoto, wazazi na bibi mmoja, wote pahala pamoja, hakuna pa kukimbilia.

Wazazi wengi wetu tunalalamika kwamba watoto wa Maskati na Dubai Kiswahili wanakisikia tu, kujibu wanajibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Basi hapa ndipo pake. Bibi aseme "Paukwa!" na watoto waitike "Pakawa!" Atege vitendawili, na asiyejua jibu ampe mji. Hesabuni ngamia kwa Kiswahili, anayefika ishirini achague kituo kinachofuata. Mwambieni bibi asimulie alivyosafiri yeye utotoni, kwa jahazi au kwa meli. Watoto wanapenda kusikia kwamba bibi naye alitapika safarini.

Mkiwa karibu na Haima waambieni habari ya choroa mweupe wa Arabuni. Alikuwa ameshamalizika porini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1982 Oman ikamrudisha kwenye jangwa hili hili la Jiddat al-Harasis. Si rahisi kumwona kutoka barabarani, ila watoto watatoa macho dirishani kwa saa nzima, na hiyo ni saa nzima ya utulivu.

Kutoka jangwani kuingia ukunguni

Baada ya Thumrait zimebaki kama kilomita 80. Njiani kuna Wadi Dawkah, bonde la miti ya ubani, lililomo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Simameni. Onyesheni watoto mti unaotoa ubani ule ule wa kwenye chetezo cha bibi.

Kisha mtaanza kushuka, na ndani ya kilomita chache tu dunia inageuka: joto linakatika, majani yanatokea, na ukungu unaifunika barabara. Hapa ndipo nilipokusudia niliposema mshuke kukiwa na mwangaza. Punguzeni mwendo, washeni taa za chini, msiovateki, na msisimame barabarani kupiga picha. Sweta zitolewe sasa.

Mkifika, jambo moja kwa siku

Watoto waliokaa garini siku mbili hawataki kupelekwa sehemu sita kwa siku. Chagueni moja asubuhi, mrudi kula na kulala, jioni iwe ya karibu. Wadi Darbat na chemchem kama Ayn Razat ziendeeni asubuhi siku za kazi. Alhamisi jioni na Ijumaa foleni ya milimani inakula likizo yote. Fleti yenye jiko inafaa familia kuliko hoteli, na bei hupanda Julai na Agosti, basi wekeni mapema. Msipandishe gari kwenye majani: inateleza, inakwama, na majani hayo ni malisho ya mifugo ya wenyeji.

Kwenye vibanda vya barabarani kuna madafu, ndizi na mapapai. Mkalisheni bibi hapo, mumpe dafu, na msimharakishe.

Bahari ni jambo jingine. Ukungu huu wa kharif unaletwa na pepo za kusi, pepo zile zile zilizokuwa zikiyarudisha majahazi kutoka Unguja kuja Uarabuni. Na manahodha wa zamani walijua kwamba kusi linapochacha, katikati ya mwaka, chombo hakitoki. Mawimbi ni hayo hayo leo. Mughsail ni pazuri mno, maji yanaruka juu kwenye matundu ya mwamba, lakini Julai 2022 wimbi liliwasomba watu wanane waliovuka uzio wa usalama, na watatu tu ndio waliookolewa hapo hapo. Tazameni kwa nyuma ya uzio, mtoto mkono mkononi, na kuogelea baharini kusahauni kabisa msimu huu.

Jambo la mwisho ni kurudi. Kwenda watu hupanga wiki nzima. Kurudi husema "tutatoka tukimaliza kupakia", wakatoka saa tano asubuhi wamechoka, wakaivamia njia yote kwa mkupuo mmoja kwa sababu kesho kuna kazi. Wekeni chumba cha Haima cha kurudia siku ile ile mnayoweka cha kwendea. Ombeni siku moja zaidi ya ruhusa kazini, muitumie barabarani.