Tumbo na Kikombe cha Maziwa: Jaribio la Kuondoa na Kurudisha

Mkoa wa Singida umo katika nyanda kavu za kati ya Tanzania. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu kila mwaka, na wakulima wake hutegemea mazao yanayovumilia ukame kama mtama na uwele, pamoja na alizeti na vitunguu. Kando ya mashamba hayo yapo mazizi ya ng'ombe na mbuzi. Kwa hiyo si ajabu kukuta katika nyumba moja uji wa uwele uliotiwa maziwa asubuhi, na jioni ugali wa mtama, mlenda na maziwa mgando. Wala si ajabu kumsikia mmoja wa walaji akisema, "Mimi na maziwa hatupatani," kisha akayaacha maisha yake yote kwa sababu ya siku moja aliyoumwa tumbo.

Je, mtu huyo anajuaje kwamba mkosaji ni maziwa? Siku ile alikula pia maharage na vitunguu. Pengine alikunywa maji yasiyochemshwa. Swali hili lina uzito. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Katika nchi ya namna hiyo, chakula chenye protini na kalisi hakifai kutupwa kwa dhana tu. Lakini pia haifai mtu kuteseka kila siku kwa chakula ambacho mwili wake haukiwezi. Kinachotakiwa ni ushahidi.

Safari ya maziwa tumboni

Sukari iliyomo ndani ya maziwa huitwa laktosi. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe, yaani mililita 250, kina takriban gramu 12 za sukari hiyo. Laktosi haiwezi kupenya katika damu mpaka ikatwe vipande viwili, glukosi na galaktosi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho hutolewa na kuta za utumbo mwembamba.

Watoto wachanga huwa na laktasi ya kutosha, maana maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Baada ya mtoto kuachishwa ziwa, kimeng'enya hicho hupungua kwa watu wengi. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya watu wote duniani hawaimeng'enyi laktosi kikamilifu wakiwa watu wazima. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, nayo huvuta maji. Bakteria waishio humo huichachusha na kutoa gesi, ikiwemo haidrojeni. Matokeo yake ni tumbo kujaa, kunguruma, kusokota, na pengine kuharisha.

Maziwa mgando ni tofauti kidogo. Katika kibuyu, bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, ndiyo maana ladha yake ni chachu. Kwa hiyo wengi wasiopatana na maziwa mabichi yaliyochemshwa hupatana na mgando. Kuhamia maziwa ya mbuzi, kama wengine wanavyoshauri, hakusaidii sana, kwa kuwa nayo yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe.

Kabila si kipimo

Wengi hudhani kwamba wafugaji wote huyaweza maziwa na wengine wote hawayawezi. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Sarah Tishkoff, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 kutoka jamii 43 za Tanzania, Kenya na Sudan. Kila mmoja alikunywa gramu 50 za laktosi zilizoyeyushwa katika maji, kiasi kinachokaribia laktosi ya lita moja ya maziwa, kisha glukosi katika damu yake ikapimwa. Ikipanda vya kutosha, maana yake laktasi ipo.

Wanasayansi hao waligundua badiliko la jeni linalowawezesha watu wazima wengi wa Afrika Mashariki kuendelea kutengeneza laktasi. Badiliko hilo ni tofauti na lile la Ulaya lililotambuliwa mwaka 2002, na lilienea katika miaka elfu chache tu iliyopita, pamoja na ufugaji. Hata hivyo, uwezo huo ulitofautiana sana baina ya jamii: asilimia 88 miongoni mwa Wabeja wa Sudan, na asilimia 26 miongoni mwa Wasandawe wa Tanzania ya kati. La kushangaza zaidi ni Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi wilayani Mkalama, Singida. Hawa kwa asili ni wawindaji na warina asali, si wafugaji. Lakini karibu nusu ya waliopimwa waliweza kuimeng'enya laktosi. Basi kabila la mtu halitoshi kutujulisha habari za tumbo lake. Ni lazima apimwe yeye mwenyewe.

Kuondoa na kurudisha

Kipimo cha damu au cha pumzi hakipatikani kila mahali. Lakini ipo njia nyingine, iliyoenezwa na daktari Albert Rowe wa California tangu miaka ya 1920: kuondoa chakula kinachoshukiwa kwa muda, kisha kukirudisha. Mwanafunzi wa sayansi atatambua kwamba hili ni jaribio lenye kigeu kimoja, na lina hatua nne.

Kwanza, kwa wiki moja mtu aandike katika daftari kila anachokula, saa aliyokula na hali ya tumbo lake, bila kubadili chochote. Pili, kwa wiki mbili aondoe kitu kimoja tu. Kama ni maziwa, aondoe pia yale ya chai na ya uji, ambayo aghalabu husahauliwa. Tatu, kama amepata nafuu, ayarudishe kidogo kidogo: nusu kikombe, siku nyingine kikombe kizima, siku nyingine vikombe viwili. Nne, arudie jaribio zima, kwani nafuu ya mara moja huweza kuwa ya bahati.

Wengi huishia hatua ya pili. Wanaona nafuu, wanafurahi, na chakula kinaachwa daima. Lakini kurudisha ndiko kunakothibitisha. Huenda nafuu ililetwa na kitu kingine kilichobadilika, kama vile kuisha kwa ugonjwa wa kuharisha. Maambukizo ya utumbo yanaweza kupunguza laktasi kwa wiki kadhaa, kisha ikarejea. Aidha, anayeondoa maziwa, maharage na vitunguu kwa pamoja hatajua mkosaji ni nani, kwa kuwa maharage na vitunguu navyo vina sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzikata.

Dhana nayo ina nguvu. Mwaka 1995 nchini Marekani, watu 30 waliodai kudhurika sana na maziwa walipewa kikombe kwa siku: wiki moja maziwa ya kawaida, wiki nyingine maziwa ambayo laktosi yake ilikwisha kukatwa, bila wao kujua ni yapi. Dalili hazikutofautiana kwa kiasi cha maana, na 9 kati yao walikutwa wanaimeng'enya laktosi vizuri. Hata wasio na laktasi ya kutosha aghalabu huweza kikombe kimoja, hasa wakinywa pamoja na chakula.

Mipaka ya jaribio

Jaribio hili si tiba ya kila tumbo. Mwenye damu katika kinyesi, homa, kupungua uzito au kuharisha kwa zaidi ya wiki mbili aende kituo cha afya kwanza. Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kunywa maziwa huenda ana mzio, jambo ambalo ni tofauti kabisa na upungufu wa laktasi; huyo asijaribu kuyarudisha nyumbani. Watoto wadogo na wajawazito wasiondolewe vyakula bila ushauri wa mtaalamu, na mtoto asiachishwe ziwa la mama kwa sababu ya hofu ya laktosi.

Na yule atakayethibitisha kwamba maziwa yanamzidi asikae bila badala yake. Mgando upo, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalisi nyingi.

Mwalimu anaweza kuanza darasani bila kumbadilishia mwanafunzi yeyote mlo. Alete maziwa mapya na mgando, azamishe karatasi ya litmasi katika kila kimoja, kisha awaulize wanafunzi: ile sukari iliyopungua imekwenda wapi?