Shavu Moja Likifura

Je, msomaji, umemwona jirani hapa Ruring'u aliyekwenda Nairobi kunyooshwa makunyanzi ya uso, akarudi shavu moja limefura kuliko jingine? Usimcheke, wala usimtishe.

Uvimbe huzidi siku ya pili au ya tatu, na ni nadra mashavu kwenda sawa. Anayelalia ubavu huamka upande huo umefura zaidi; ndiyo maana huambiwa alale chali, kichwa kikiwa juu ya mito. Sehemu kubwa hupungua kwa wiki mbili tatu, mabaki huchukua miezi.

La kuhofia ni shavu moja kufura ghafla, likawa gumu na kuuma sana, hasa katika saa 24 za kwanza. Hiyo ni damu inayovilia chini ya ngozi. Isipotolewa upesi, ngozi yaweza kufa. Usikande kwa maji moto, wala usipande matatu kumfuata daktari aliyekupasua. Nairobi ni kama kilomita 150! Kimbilia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, umpigie simu ukiwa njiani.

Tena, kama ulitobolewa sikio likaota kovu nene, mwambie daktari kabla hajakupasua. Nyuzi za upasuaji huu hupita mbele na nyuma ya sikio.