Baiskeli ya vyuma chakavu: uliza kwanza habari za kiti

Huenda una ndugu huko Boito, kwenye mashamba ya majani chai, ambaye miguu yake haina nguvu tangu aumie uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki. Sasa umepigiwa simu: fundi wa jua kali amekusanya fremu kuukuu za Black Mamba, na kwa pesa kidogo atamuundia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono. Wazo ni zuri. Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka wa 1958 kuwahudumia walemavu wa viungo nchini, kimetengeneza vyombo vya aina hiyo kwa miaka mingi. Tuma pesa, lakini kwanza uliza habari za kiti.

Fundi anaweza kushawishika kukilaza kiti nyuma, mwendeshaji akae kama aliyejinyosha. Mtindo huo una sifa zake. Mwaka wa 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja akiwa amejilaza hivyo, na mwaka uliofuata wakuu wa mchezo wakaipiga marufuku baiskeli yake mashindanoni. Faure, hata hivyo, alikuwa na makalio yanayosikia maumivu.

Wewe ukiketi muda mrefu, makalio huuma nawe hujisogeza bila kufikiri. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hapati onyo hilo. (Aliyelemazwa na polio kwa kawaida hulipata.) Mfupa hubana nyama dhidi ya kiti, damu haipiti, na nyama huanza kufa, pengine ndani kabla ngozi haijaonyesha kitu. Kiti kilicholazwa huongeza balaa: mwili huteleza mbele polepole huku ngozi ikibaki imenata kitini, na mishipa midogo ya damu huvutwa na kubanwa. Kidonda cha namna hii chaweza kufika mfupani, viini vikaingia katika damu, na mgonjwa akafa.

Kwa hiyo egemeo liwe karibu wima, na kitako kiinuke kidogo upande wa mbele ili asiteleze. Mpimeni mwenyewe, msikisie. Juu ya ubao iwekwe sponji nzito ya sentimita 8 hivi, ibadilishwe inapobonyea. Miguu ifungwe kwa mikanda mipana isiyobana, mbali na spoku na mbali na chuma kilichopigwa na jua, kwa maana ataungua asijue.

Boito ni milima. Gurudumu la meno la mikononi liwe dogo kuliko lile la chini, la sivyo mabega yatateseka. Hata hivyo, kwenye mpando wenye matope gurudumu la mbele huteleza kwa kuwa uzito uko nyuma. Awepo wa kumsukuma. Breki ziwe mbili, azifikie bila kuachilia usukani.

Akiwa safarini, kila baada ya dakika 15 hadi 30 asimame, ainame mbele kwa dakika mbili ili damu irudi makalioni. Jioni ajikague kwa kioo, au akaguliwe na mtu wa nyumbani. Akiona wekundu, au weusi usio wa kawaida, ambao haujatoweka nusu saa baada ya kutoka kitini, asikalie mahali hapo tena hadi aonwe na daktari, hata kama ngozi haijachubuka.