Wanyama wa Majaribio na Tiba ya Utumbo Mfupi

Mizigo ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibebwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Sababu moja kubwa ni kuwa punda na ng'ombe waliopita mapori ya ndorobo walikufa kwa nagana. Chanzo cha maradhi hayo kilibainishwa na David Bruce mwaka 1895 huko Zululand, Afrika Kusini, baada ya kuwapeleka wanyama wazima katika pori la ndorobo na kuchunguza damu yao. Waliugua ili elimu ipatikane. Je, sharia yasemaje?

Swali hili limo leo katika maradhi ya utumbo mfupi. Utumbo mwembamba wa mtu mzima hufikia takriban mita 6. Ukijisokota ukafa, daktari hulazimika kuukata. Ukibaki chini ya mita 2, chakula hupita bila kunyonywa vya kutosha, na mgonjwa hudhoofika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Stanley Dudrick na wenzake huko Pennsylvania, Marekani, waliwalisha watoto wa mbwa kwa mshipa pekee, nao wakakua. Kisha akalishwa hivyo mtoto mchanga aliyekosa utumbo wa kutosha. Siku hizi hutumika pia watoto wa nguruwe, kwa kuwa utumbo wao wafanana na wetu.

Tunasema: kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu majaribio hayo kwa haja ya kweli. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mtume (s.a.w.) amekataza kumfanya mnyama shabaha, na ametueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa. Basi pasiwe na njia nyingine, idadi isizidi haja, apewe dawa ya kuzuia maumivu, wala asiachwe na njaa.

Wengine hudhani mbwa na nguruwe, kwa kuwa ni najisi, hawana haki. Sivyo. Najisi ni hukumu ya twahara: katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyewagusa kwa unyevu huosha mara saba, moja kwa udongo. Haihalalishi mateso. Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 H) alihesabu miongoni mwa haki za mnyama kulishwa hata akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena. Mwanafunzi wa tiba akumbuke hilo kabla ya kushika kisu.

Wallahu aalam.