Kikohozi cha kiangazi kisichosikia dawa

Na DAKTARI WETU

MAMA mmoja achomaye mahindi kando ya barabara kuu ya Thika, karibu na Ruiru, alinijia kliniki mwezi wa Februari akikohoa. Alikuwa amenunua dawa za kuua bakteria mara tatu, na kikohozi hakikusikia. Nilipomsikiliza kifua, pumzi zilikuwa zikitoa mluzi. Hakuwa na homa. Alikuwa na pumu, iliyochochewa na hewa aliyoivuta kutwa.

Wagonjwa kama huyu huwaona sana kati ya Januari na Machi. Kwa nini kiangazi?

Kwanza ni vumbi. Mvua huosha hewa. Isiponyesha, vumbi la machimbo ya mawe na la barabara zisizo na lami hubaki likielea pamoja na moshi wa magari, viwanda na takataka zinazochomwa. Chembe zilizo hatari zaidi ni ndogo mno, hata unene wake haufikii sehemu moja kwa ishirini ya unywele. Hizi pua haiwezi kuzizuia. Huzama mapafuni, nyingine zikaingia katika damu na kudhuru moyo.

Pili ni jua lenyewe. Moshi wa magari unapopigwa na jua kali huzaa gesi iitwayo ozoni. Ile iliyo juu angani hutukinga, lakini hii ya chini huchoma njia za pumzi. Joto likizidi, nayo huzidi, hasa alasiri.

Ndiyo sababu mabadiliko ya hali ya hewa ni jambo la kliniki pia. Mwaka wa 2024 ulivunja rekodi ya joto duniani. Hata magari yasipoongezeka, joto na ukame hufanya moshi uleule utudhuru zaidi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya nyumbani, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka.

Mpenzi msomaji, ufanye nini? Kikohozi kikifika wiki mbili, usibahatishe dawa. Huenda ni pumu, huenda ni kifua kikuu, nawe wahitaji kupimwa. Mwenye pumu asitoke bila kifaa chake cha kuvuta dawa. Mtoto mwenye pumu achezee mbali na barabara, na alasiri ya jua kali akae ndani. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Usichome takataka, hasa plastiki. Jiko la makaa liwekwe penye hewa. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, mkimbize hospitalini mara moja.

Yule mama alipata dawa ya kuvuta, akasogeza jiko lake mbali na magari, naye huketi upande usiopelekewa moshi na upepo. Anaendelea vyema. Nimemwambia arudi kila Desemba, kabla jua halijaanza kuwaka.