Kompyuta ya gemu na grafiki kwa fedha kidogo: kipi kinunuliwe kwanza?

Ukiuza maharage ya msimu mzima ukapata mtaji wa kompyuta ya kuhariri video za harusi, kutengeneza mabango na jioni kuchezesha gemu, huna nafasi ya kununua mara mbili. Soko kubwa la vipuri liko Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Heru Juu. Kifaa kisichoingia mahali pake kitarudi kwa basi, gharama ya mzigo juu yako, na huenda muuzaji asikipokee. Kwetu huku, kifaa rahisi ni kile kinachoingia, kinachowaka na kinachovumilia umeme wetu, hata kama bei yake imezidi kidogo. Makala haya yanaeleza namna ya kukipata.

Anza na kazi

Kosa linaloonekana sana ni kijana kuanza kwa kuulizia kadi ya grafiki kabla hajasema atafanya kazi gani. Kadi ya grafiki ni kifaa kinachochora picha kwenye skrini, na mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote. Lakini si kila kazi inaihitaji.

Kadi za mwaliko, mabango, fulana na picha za pasipoti zinategemea zaidi prosesa na RAM. Hapo GB 16 za RAM na diski ya SSD vitakusaidia kuliko kadi kubwa. Programu za bure kama GIMP na Inkscape zinatosha kuanzia, tena hazikuingizi kwenye programu za wizi zinazokuja na virusi.

Kuhariri video ni jambo jingine. DaVinci Resolve ina toleo la bure, ila inaitegemea sana kadi ya grafiki na kumbukumbu iliyo ndani ya kadi hiyo. Blender, ya kuchora vitu na katuni za 3D, nayo ni ya bure na hufanya kazi haraka zaidi ikiwa na kadi nzuri. Gemu kubwa za kisasa ziko kundi hilo hilo. Andika kazi yako kwenye karatasi, na pembeni andika itakuingizia nini kwa mwezi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia njia.

Njia tatu za kuchagua

Njia ya kwanza ni prosesa yenye grafiki ndani yake. Mfano ni AMD Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021. Inafaa kwa mabango, video fupi na gemu nyepesi, na baadaye ukipata fedha unaongeza kadi. Kuwa makini na herufi. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina grafiki ndani. Kwa Intel, i3-12100 inayo, lakini i3-12100F haina. Ukinunua ya F bila kadi, kompyuta itawaka lakini skrini itabaki nyeusi. Kwa njia hii pia nunua RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16. Grafiki ya ndani inaazima RAM ya kompyuta, na RAM mbili zikifanya kazi pamoja huipa njia pana zaidi.

Njia ya pili ni kompyuta ya ofisi ya mtumba, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha unaongeza kadi ndogo. Ni njia nzuri kwa mwenye mtaji mdogo, lakini ina mitego miwili. Wa kwanza ni umeme: pawa saplai za mashine hizi ni ndogo, na nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu, hivyo tafuta kadi isiyozidi hapo, kama GTX 1050 Ti au toleo la GTX 1650 lisilo na tundu la waya wa ziada. Kama kesi ni ile nyembamba, ulizia kadi fupi inayotoshea.

Mtego wa pili ni umri. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka Intel za kuanzia kizazi cha nane. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane, i5-12400 ni cha kumi na mbili. Mashine ya kizazi cha nne au cha sita bado inafanya kazi, na inaweza kuwekewa Linux, ila isiuzwe kwako kwa bei ya cha nane.

Njia ya tatu ni kuunda mashine mwenyewe yenye kadi kamili, kwa mfano i3-12100F na Radeon RX 6600 ya GB 8. Kwa anayehariri video kila wiki au anayetumia Blender, RTX 3060 inasaidia zaidi, lakini uliza toleo: ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8, na kwa jina zinafanana.

Vifaa lazima vipatane

Prosesa inakaa kwenye mazabodi yenye soketi yake. Ryzen 5 5600G inakaa kwenye AM4, haiingii kwenye AM5. Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 zinakaa kwenye LGA 1700. Ukinunua mazabodi ya zamani ya AM4, mwombe muuzaji asasishe BIOS yake kabla ya kuituma, maana bila hivyo huenda isiitambue Ryzen ya mfululizo wa 5000.

RAM nayo ina aina. AM4 inatumia DDR4, AM5 inatumia DDR5. Kwa LGA 1700 kuna mazabodi za DDR4 na nyingine za DDR5, na RAM ya aina moja haiingii kwenye tundu la nyingine. Ukiwa na simu na bando dogo, tovuti ya PCPartPicker inakuwezesha kuorodhesha vifaa na kukuonyesha bure visivyopatana.

Kwa hifadhi, weka mfumo na kazi ya leo kwenye SSD ya GB 500, na video zilizokamilika kwenye diski kubwa ya kawaida. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa moja. Harusi mbili za siku nzima zinaweza kuijaza SSD hiyo.

Umeme usiuache mwisho

Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Hali imebadilika, lakini umeme kukatika na kurudi kwa kishindo bado tunaujua, hasa nyakati za mvua na radi. Pawa saplai ya bei ya kutupa isiyo na jina ikiungua, inaweza kuondoka na mazabodi na kadi. Chagua yenye jina linalojulikana na alama ya 80 Plus. Kwa i3-12100F na RX 6600, ya wati 450 au 500 inatosha, kwa sababu kadi hiyo inatumia wati 132 na prosesa haifiki 100.

Ongeza UPS. Angalia wati zake, usiangalie VA peke yake, kwa kuwa UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba chini ya wati 400. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima salama. Radi ikianza, chomoa kila kitu ukutani.

Piga pia hesabu ya uniti. Mashine ya gemu na skrini yake ikitumia wati 300 kwa saa sita kila siku, inakula uniti 1.8 kwa siku, yaani uniti 54 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye kundi la D1, la matumizi ya nyumbani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, zimebaki 21 tu za taa, redio na pasi. Akivuka, anaweza kuhamishiwa kundi la bei ya juu. Mashine ya mabango isiyo na kadi, ikitumia wati 80 kwa saa hizo hizo, itakula uniti 14 hivi.

Mtumba bila kutapeliwa

Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha uchimbaji unaotumia kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. RX 580 ni mojawapo. Kadi kama hiyo inaweza kuwa nzima, ila feni zake zimechoka. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama mpya.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akutumie kwa WhatsApp video ya kadi ikifanya kazi, akitaja jina lako na tarehe ya siku hiyo, na skrini ikionyesha programu ya bure ya GPU-Z. Ombeni picha ya namba ya kifaa, risiti ya EFD na muda wa waranti kwa maandishi. Kama una ndugu Dar es Salaam, mtume dukani akaione ikiwaka kwa nusu saa ikiwa na gemu au video. Soda yake ni nafuu kuliko kadi mbovu.

Namna ya kugawa fedha

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tumia mgawanyo. Kwa mashine yenye kadi, bila kuhesabu skrini, katika kila shilingi 100 weka 30 kwenye kadi, 30 kwenye prosesa na mazabodi, 18 kwenye RAM na SSD, 12 kwenye pawa saplai na kesi, na 10 kwenye UPS. Kama fedha haitoshi, usipunguze pawa saplai wala UPS. Rudi kwenye njia ya kwanza, anza na prosesa yenye grafiki ndani, na acha mabango yanunue kadi mwakani.

Mwisho, iinue mashine kutoka sakafuni. Baridi ya Heru Juu inasaidia kuipoza, lakini vumbi letu jekundu la kiangazi linaziba feni. Ifungue na kuipuliza kila mwezi, ikiwa imezimwa na kuchomolewa.